Kumfunza Mtoto Kisasa: Kazi ya Mwalimu na Kazi ya Mzazi

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii tumeiandika katika insha tangu tukiwa shule ya msingi, lakini ni wachache kati yetu waliowahi kujiuliza: je, huyo anayelea ni nani? Ni mwalimu au ni mzazi? Na kama wote wawili wanalea, je, wanaelewana?

Katika makala haya nitajaribu kueleza jinsi mafunzo ya watoto yalivyobadilika katika nchi yetu, na kitu ambacho naona bado kinakosekana. Mimi si mtaalamu. Ni msichana wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa, nina umri wa miaka kumi na sita. Mengine nitakayoyaeleza nimeyasoma, na mengine nimeyaona kwa macho yangu. Shule ya msingi nilisomea Kakuma, nikiishi kwa mama mdogo, na sasa niko hapa Lodwar pamoja na Mama na mdogo wangu wa kiume.

SISI TULIO MKIANI

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili linanihusu. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka wa 1985: miaka minane ya shule ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Mwaka wa 2019 mtaala wa umilisi, ule tunaouita CBC, ulianza kote nchini kwa watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3. Mwaka huo mimi nilikuwa darasa la nne. Kwa hivyo niliupita mtaala mpya kwa darasa moja tu! Mwaka wa 2023 tulifanya KCPE, na hiyo ndiyo iliyokuwa KCPE ya mwisho. Leo, mwaka wa 2026, nikitazama nyuma yangu shuleni hakuna kidato cha pili wala cha kwanza. Kuna Gredi ya 10.

Sisi ndio mkia wa 8-4-4, na mkiani si mahali pazuri pa kukaa, manake mtu akianguka hakuna darasa la nyuma la kurudia.

Nyumbani nako ni hivyo hivyo. Mimi ni wa mfumo wa zamani, mdogo wangu yuko Gredi ya 5 ya mfumo mpya, na Mama hakuwahi kuketi darasani hata siku moja. Jioni tunapokaa nje sote watatu na tochi moja, huwa ni kama shule tatu zimekutana.

NJIA YA ZAMANI NA NJIA MPYA

Katika njia ya zamani mwalimu alisimama mbele na chaki, nasi tukanakili. Aliuliza, tukajibu kwa pamoja kama kwaya. Mwisho wa muhula kila mtu alipewa nambari. Wa kwanza alipigiwa makofi, na wa mwisho alijua kwamba jioni hiyo ni afadhali apitie njia ya nyuma. Baada ya miaka minane ukaja mtihani mmoja uliokata maisha ya mtoto kama kisu. Sitaidharau njia hiyo, kwa sababu ndiyo iliyowatoa madaktari wetu, walimu wetu na viongozi wetu. Lakini iliuliza swali moja tu: mtoto huyu amekumbuka kiasi gani?

Mtaala mpya unajaribu kuuliza swali lingine: mtoto huyu anaweza kufanya nini? Mpango wake unaitwa 2-6-3-3-3, yaani miaka miwili ya chekechea, sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini, mitatu ya sekondari ya juu na mitatu ya chuo kikuu. Sekondari ya chini ilianza mwaka wa 2023 na Gredi ya 7, ikawekwa ndani ya shule za msingi. Watoto hupimwa Gredi ya 6 na tena Gredi ya 9. Darasa la kwanza kupimwa katika Gredi ya 9 lilifanya mtihani wake mwaka wa 2025, na ndilo hilo lililo Gredi ya 10 sasa. Hakuna tena kusema wewe ni wa kwanza na wewe ni wa arobaini. Mtoto huambiwa kama amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au bado yuko chini yake.

Zaidi ya masomo, mtaala umetaja mambo saba ambayo kila mtoto anapaswa kuyapata: kuwasiliana na kushirikiana na wenzake, kufikiri na kutatua matatizo, kubuni, kuwa raia mwema, kutumia vyombo vya kidijitali, kujua namna ya kujifunza, na kujiamini. Ukiyasoma mambo haya utakubali kwamba ni mazuri. Swali ni kama yanaweza kufanyika katika darasa la vumbi lenye watoto wengi kuliko madawati.

DARASA LETU LA KAKUMA

Mimi nasema yanaweza, na ushahidi wangu natoa Kakuma. Kwa msomaji asiyepajua, Kakuma iko kilomita kama 120 kaskazini magharibi mwa Lodwar. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapo mwaka wa 1992, wakati vijana wengi walipofika kwa miguu wakikimbia vita vya Sudan. Baadaye wakaja Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengineo, na mwaka wa 2016 makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa karibu na hapo. Shule za kambini hufuata mtaala wa Kenya, na watoto wa Kiturkana na wa wakimbizi wanaweza kukaa darasa moja.

Darasa letu la saba lilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia moja. Dawati la watu watatu lilibeba watano, na wengine walikaa chini. Sisi tulikuwa wa 8-4-4, lakini mwalimu wetu wa hesabu hakungoja mtaala umwambie la kufanya. Alitugawa makundi ya watu kumi kumi, kila kundi likakaa chini ya kivuli chake uwanjani, akawa anapita kundi moja hadi jingine. Masharti yake yalikuwa mawili: hakuna kundi litakalosema limemaliza mpaka yule aliye nyuma kabisa aweze kueleza, na anayeeleza aruhusiwe kutumia lugha yoyote.

Katika kundi letu kulikuwa na mvulana Mkongo aliyejua sehemu za hesabu kama mchezo. Alizieleza kwa Kiswahili cha kwao, akisema bintu badala ya vitu, nasi tukimcheka kidogo. Mimi nilichukua maneno yake nikayapeleka kwa Kiturkana kwa msichana aliyekuwa amehamia kutoka upande wa Lokichoggio. Msichana yule akachora mkate chini kwa kidole, akaukata vipande vinane, akatuonyesha. Siku hiyo ndipo na mimi nilipoelewa, ingawa nilikuwa nikijifanya nimeelewa tangu zamani. Kumbe kumweleza mwenzako ni kujieleza mwenyewe!

Mpango huo haukugharimu hata shilingi moja. Ulihitaji tu mwalimu aliyekubali kwamba si lazima yeye peke yake azungumze.

LUGHA YA MTOTO

Hapo hapo niseme neno kuhusu lugha. Sera ya elimu nchini inataka watoto wa madarasa ya chini, Gredi ya 1 hadi ya 3, wafunzwe kwa lugha ya eneo lao. Vijijini kwetu lugha hiyo ni Kiturkana, na mijini kwenye watu wa makabila mengi aghalabu huwa ni Kiswahili. Wazazi wengine hawapendi. Husema mtoto amepelekwa shule ajifunze Kiingereza, si lugha anayoijua tayari. Lakini hebu fikiria mtoto wa miaka sita aliyetoka bomani, anaambiwa kwa lugha asiyoijua habari ya tufaha ambalo hajawahi kuliona. Ana kazi mbili kwa wakati mmoja, kutafuta neno na kutafuta maana. Mpe maana kwanza kwa lugha ya mama yake, na neno la Kiingereza litakuja.

Na kwa sisi wa chama cha Kiswahili, Kakuma imenifunza kwamba Kiswahili ni lugha ya uwanjani kabla ya kuwa lugha ya mtihani. Mturkana, Mkongo na Mrundi wakicheza mpira hakuna anayewatafsiria.

MASHINE ZIMEKUJA, LAKINI...

Watu wengi wakisikia mafunzo ya kisasa hufikiri juu ya mashine. Mwaka wa 2016, nilipokuwa darasa la kwanza, ndipo serikali ilipoanza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi za umma, na vilikusudiwa hasa kwa watoto wa darasa la kwanza. Upande wa wakimbizi, mradi wa Instant Network Schools, ulioanzishwa mwaka wa 2013 na Vodafone Foundation pamoja na UNHCR, ulipeleka vishikwambi na intaneti katika baadhi ya shule za Kakuma.

Sisemi vyombo hivi ni vibaya. Mtoto ambaye hajaiona bahari anaweza kuiona humo. Lakini mashine hutaka umeme, hutaka mtu wa kuitengeneza ikiharibika, na hutaka mwalimu anayejua anachokitafuta ndani yake. Hapa kwetu kuna jua la kutosha kuchaji, lakini kuna vumbi la kutosha kuua pia. Kishikwambi kilichofungiwa kabatini kwa sababu kila mtu anaogopa kukivunja hakimfunzi mtoto lolote.

Tuliyaona hayo wakati wa korona. Mwezi wa Machi 2020 shule zote zilifungwa, na wengi wetu hatukurudi hadi Januari 2021. Vipindi vya masomo vilitangazwa kwa redio na televisheni. Mama mdogo alikuwa na redio moja ya betri, na majirani walileta watoto wao tukaizunguka. Ilisaidia kidogo. Lakini redio haiulizwi swali. Ukibaki nyuma, yenyewe inaendelea. Baada ya wiki chache wenzangu wengi walikuwa wamekwenda na mifugo, na wengine hawakurudi tena shuleni hata zilipofunguliwa.

HABARI YA KIBOKO

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu hawapendi kulizungumza. Wazee wana methali nyingine: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii wengi huitumia kutetea kiboko. Lakini ukiitazama vizuri haitaji fimbo mahali popote. Inasema usiogope kumkanya mtoto hata kama atalia. Kukanya ni kitu kimoja, kuchapa ni kitu kingine.

Sheria yetu nayo iko wazi. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka wa 2001. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu, mtoto pia, dhidi ya adhabu ya kikatili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ikarudia kwamba mwanafunzi asipewe adhabu ya kumtesa mwilini wala akilini. Hata hivyo sote tunajua yanayofanyika. Siandiki haya kuwachongea walimu. Nayaandika kwa sababu ya kilichompata mdogo wangu, na kisa chake ndicho kilichonifanya nichukue kalamu.

MBUZI WA MAMA

Katika mtaala mpya mtoto hupewa kazi ya kufanya nyumbani pamoja na mzazi. Nia ni nzuri, mzazi asiwe mgeni katika masomo ya mwanawe. Lakini wazazi wengi nchini wamelalamika. Mara karatasi ya manila, mara picha za kupigwa chapa saiba, na mzazi hana hela. Mwaka wa 2022 kikundi kilichoongozwa na Profesa Raphael Munavu kiliteuliwa na Rais kukusanya maoni kuhusu elimu, na malalamiko ya gharama yalisikika kote. Lakini kwetu ugumu haukuwa pesa.

Mdogo wangu alirudi siku moja na kazi ya hesabu. Kila mtoto ahesabu mifugo ya kwao, aandike idadi, kisha achore vijisanduku vya kuonyesha. Kazi nzuri kabisa! Sisi tuna mbuzi wachache nyuma ya nyumba. Alipomuuliza Mama ni wangapi, Mama akakataa.

"Mbuzi hawahesabiwi, mwanangu," alisema. "Ukiwahesabu unawaita wafe."

Wasomaji wengine watacheka. Lakini sisi wafugaji tumelelewa hivyo, na lazima mjue pia kwamba ukame uliotupiga tangu mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ikikosa kwa mfululizo, ulimwondolea Mama wengi wa mbuzi wake. Waliobaki si mali tu. Ni mabaki. Mdogo wangu alijibu kwa hasira, "Wewe hujui kitu, hujasoma." Mama hakusema neno. Aliingia ndani. Mimi nilikuwa nasoma kwa ajili ya mtihani wangu, nikanyamaza. Jambo hilo la kunyamaza ndilo ninalolijutia.

Kesho yake alikwenda shuleni na daftari tupu. Shule yenyewe sitaitaja. Alichapwa kwa uvivu. Siku iliyofuata alivaa sare, akabeba mkoba, akatoka kama kawaida. Na siku ya pili, na ya tatu, na ya nne. Kumbe hakuwa akifika. Alikuwa akishinda chini ya mikoma kando ya mto Turkwel mpaka saa za kurudi. Ni jirani aliyekwenda kuchota maji ndiye aliyetuambia. Alipoulizwa, alisema hataki shule tena, anataka kwenda kwa babu akachunge. Tunao binamu wawili walioondoka shuleni kwa namna hiyo hiyo, na hakuna aliyerudi.

Jioni ile sikufungua kitabu changu. Nilimuuliza Mama, "Sasa wewe, kama huwahesabu, unajuaje jioni kwamba hakuna mbuzi aliyepotea?"

Mama akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Si nawaona? Yule mweupe mwenye jicho jeusi. Mwanawe. Yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika. Yule wa madoa aliyetoka kwa babu yenu..." Akawataja wote, mmoja mmoja, kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao, bila kuwatazama. Nikamwambia mdogo wangu aokote mawe. Kila mbuzi aliyetajwa, aliweka jiwe moja: weupe mahali pao, wekundu mahali pao, weusi na wa madoa mahali pao. Hakuna aliyesema nambari. Kisha akachora kijisanduku kimoja kwa kila jiwe, na mistari minne ikasimama kwenye karatasi, mingine mirefu, mingine mifupi. (Na hapa mimi pia sitataja walikuwa wangapi, manake Mama anaweza kusomewa jarida hili!)

Mama aliichukua ile karatasi, akaiinamia kwenye tochi. Akaweka kidole juu ya mstari mrefu kuliko yote. "Hawa ni wekundu," akasema. Alikuwa ameusoma. Halafu akamgeukia mdogo wangu: "Na kwa nini weupe wamebaki wachache hivi? Niambie wewe msomi." Mdogo wangu hakujua. Mama akamweleza mwaka wa ukame ulivyokuwa, nani alikufa kwanza na nani alivumilia, nao wakazungumza mpaka tochi ikafifia.

Kesho yake tulikwenda shuleni watatu. Mama hajui Kiswahili vizuri, kwa hivyo nilimtafsiria. Alimwambia mwalimu, "Mtoto huyu hakuwa mvivu. Mimi ndiye niliyekataa. Kama ni kuchapa, ungenichapa mimi." Mwalimu alikaa kimya kitambo. Kisha alisimama, akampa Mama kiti chake, akaiangalia ile karatasi. Alisema yeye anatoka upande mwingine wa nchi na hakuna aliyewahi kumwambia habari hiyo ya kuhesabu. Akaomba msamaha, mbele ya mdogo wangu. Mwalimu yule si mtu mbaya. Ana watoto wengi, na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Mdogo wangu alibaki shuleni siku hiyo, na hadi ninapoandika haya bado anakwenda.

TUNAJIFUNZA NINI?

Nilipomsimulia mlezi wa chama chetu kisa hiki, aliniambia kwamba wakubwa walishayafikiria mambo haya zamani. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka wa 1907, na katika njia yake watoto hujifunza hesabu kwa kushika shanga kwa mikono. Nikacheka, manake mawe yetu yangeweza kuwa shanga za shingoni mwa Mama. Na mwaka wa 1967 Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania aliandika juu ya elimu ya kujitegemea, akalalamika kwamba shule iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni humtenga mtoto na watu wake, humfanya aamini kuwa maarifa yote yako vitabuni na kwamba mzee asiyesoma hana la kumfunza. Niliposoma hivyo nilimkumbuka mdogo wangu akisema "Wewe hujui kitu."

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Tunaweza kubadilisha jina la mtaala, tukabadilisha gredi na mitihani, tukaleta vishikwambi. Lakini kama kazi ya nyumbani inampata mzazi hana la kufanya ila kuona aibu, basi tumemfukuza mwalimu wa kwanza wa mtoto. Mtoto naye hubaki kati ya watu wawili wasiojuana, na mwisho huwakimbia wote wawili.

Napendekeza mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi.

Kwanza, walimu wakitoa kazi ya nyumbani watoe ambayo mzazi asiyejua kusoma anaweza kuishiriki kwa mdomo au kwa mikono: kueleza, kusuka, kutaja, kuonyesha. Kazi ikishindikana, mtoto aulizwe kwa nini kabla ya kuadhibiwa.

Pili, mikutano ya wazazi isiwe ya kudai pesa na kusoma alama tu. Mzazi aulizwe pia mila za kwake na anachojua, kwa lugha anayoielewa. Sisi wanafunzi wakubwa tunaweza kutafsiri.

Tatu, wazazi wasiseme kwamba shule ni ya mwalimu. Hata kama hujui kusoma, mwambie mtoto akueleze alichofunzwa leo. Akishindwa kukueleza, hajaelewa. Huo nao ni mtihani, na mzazi yeyote anaweza kuusimamia.

Nne, shule za kuhamahama ziongezwe kwa watoto wanaofuata mifugo. Baraza la kitaifa la elimu ya wafugaji, NACONEK, liliundwa kwa ajili ya watoto kama hao. Na chakula cha mchana shuleni kisikatike. Githeri ya saa saba imewaweka shuleni watoto wengi wa Turkana kuliko hotuba yoyote, na mtoto mwenye njaa hafunziki kwa njia ya kale wala ya kisasa.

Tano, na hili ni letu sisi wenyewe tulio wakubwa nyumbani. Tusinyamaze. Dakika kumi nilizozikataa siku ya kwanza karibu zingemgharimu mdogo wangu masomo yake yote.

Mimi bado nina KCSE mbele yangu mwaka wa 2027, na sijui mkia huu wa 8-4-4 utanifikisha wapi. Lakini ile karatasi ya vijisanduku Mama ameibandika ukutani, karibu na kitanda. Kila jioni baada ya mbuzi kuingia huitazama kidogo, na mwezi uliopita mbuzi mwekundu alipozaa, alimwita mdogo wangu aongeze kijisanduku kimoja.

Naomba kukomea hapo. Msomaji mwenye maoni tofauti na anijibu katika toleo lijalo.